Tangazo la Wasichana Arobaini na Mmoja

Kama wewe ni Mkenya na umefiwa ukiwa Dubai miaka hii ya karibuni, bila shaka tangazo lako lilipita mikononi mwa Hesbon. Kazi yake ya mkataba ilikuwa ulinzi katika hoteli moja ya wastani huko Deira: suti nyeusi, redio ya mkononi kiunoni, miguu ikiwaka moto kwa kusimama saa kumi na mbili. Lakini jina lake halikutokana na suti. Lilitokana na ukurasa mmoja aliouhifadhi kwenye simu tangu mwaka wa kwanza alipofika. Ukurasa wenyewe ulikuwa na mawingu meupe, maua ya waridi meupe upande wa kushoto, mshumaa unaowaka upande wa kulia, na nafasi ya picha katikati. Mtu akifiwa na mama huko Nyamira, au na kaka huko Bungoma, alimtumia Hesbon picha na majina, na kabla chai haijapoa tangazo limeshaingia kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya, watu elfu moja na ushei, na pole zinamiminika. Hakumtoza mtu. Alichotaka ni jina lake na namba yake ya simu viandikwe chini kabisa, kwa herufi ndogo za rangi ya dhahabu. Alizipenda herufi zile kuliko inavyompasa mtu mzima.

Agnes hakuwa Mkenya. Alikuwa Mkongo wa upande wa mashariki, msafisha vyumba wa ghorofa ya sita na ya saba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, ambako watoto huitwa batoto na watu huambiana mambo bila haraka. Akikaa na Wakenya alijitahidi kusema kama wao. Akichoka, alirudi kwao. Binti yake Kavira, wa miaka kumi na minne, alimwacha kwa bibi yake katika mji mdogo wa Kasingiro, akisoma bweni katika lisé, shule ya sekondari, ya wasichana. Picha ya Kavira ilikaa nyuma ya kitambulisho cha Agnes, na hakuna mfanyakazi wa hoteli ile ambaye hakuwahi kuonyeshwa: sweta kubwa kuliko mwili, midomo imefumbwa kuficha pengo.

Ijumaa moja asubuhi Agnes aliteremka katikati ya kazi, jambo asilolifanya kamwe, akaja na glavu zake mikononi mpaka pale Hesbon aliposimama kwenye ukumbi wa mapokezi.

"Kaka Hesbon," alisema, "balibeba batoto."

"Watoto gani?"

"Ba masomo. Jana asubuhi. Watu ba bunduki baliingia mu lisé, balibeba mabinti arobaini na moja. Kavira iko ndani."

Hesbon alishika kichwa. Alimwambia pole, akamwambia Mungu yupo, akamwambia serikali haiwezi kunyamaza. Agnes alimwacha amalize, kisha akamwomba kitu kimoja. "Weye unasimamaka mbele ya televisheni siku muzima. Miye niko kule yulu, mu vyumba. Uniangalilie. Bakisema, uniite."

Televisheni yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango, imetundikwa mkabala na Hesbon, ikionyesha habari bila sauti. Ijumaa yote Hesbon alisoma maandishi yanayopita chini. Alisoma habari za kifundo cha mguu cha mchezaji mpira, mpaka akajua kuna mifupa mingapi. Alisoma habari za harusi ya mwimbaji, waalikwa wangapi na keki urefu gani. Kila Agnes alipopita na toroli yake alimwangalia Hesbon kwa mbali, na Hesbon akatikisa kichwa.

Jumamosi alasiri mstari ulipita: watu wenye silaha wameteka wanafunzi kadhaa mashariki mwa Kongo. Ulipita mara moja, na kabla Hesbon hajamaliza kuita kwenye redio ulikuwa umeshaingia ukutani. Agnes aliposhuka alikuta kifundo cha mguu.

"Balisema kadhaa?" aliuliza.

"Kadhaa."

"Ni arobaini na moja. Majina yote tuko nayo."

Hesbon alikumbuka kwamba akiwa chuoni huko Kisii, miaka mingi nyuma, wasichana wa shule ya nchi nyingine walitekwa vilevile, na dunia nzima ikalia. Yeye mwenyewe alibeba bango barabarani, akaimba mpaka sauti ikakauka, na jina la mji ule analo kichwani hata leo. Hakuwahi kujiuliza ni nani anayekaa mahali akaamua kwamba wasichana wa mji huu ni watoto wa dunia na wa mji ule ni kadhaa. Na hapa hotelini, siku hizohizo, paka wa mgeni wa chumba namba mia sita na kumi na mbili alipotea, na picha yake ikabandikwa kwenye lifti zote, ya mbele na ya ubavuni. Alipatikana ndani ya saa nne. Aliyempata, kwenye kabati la mataulo, ni Agnes.

Jumapili wakati wa chakula Agnes alimfuata kwenye kantini ya wafanyakazi, chini kabisa ya jengo. Mtawa mmoja wa Kasingiro alikuwa amemtumia picha zote arobaini na moja kutoka kwenye mafaili ya shule.

"Weye unatengenezaka matangazo," alisema. "Tengeneza ya batoto. Watu bayaone."

Hesbon alisukuma sahani ya wali pembeni, akaanza palepale. Nisimsingizie: alitaka kusaidia, na aliumia kweli. Lakini pia watu wa meza tatu walikuwa wanamtazama, na Hesbon akitazamwa vidole vinakuwa vyepesi. Picha zilikuwa hazilingani, nyingine ya njano, nyingine ya buluu, nyingine imekatwa kutoka kwenye picha ya darasa. Akazigeuza zote ziwe nyeusi na nyeupe ili zikae sawa. Akafuta pale palipoandikwa TANGAZO LA KIFO, akaandika WASICHANA WA KASINGIRO, na chini yake, TUSIWASAHAU. Mawingu yakabaki. Mshumaa ukabaki, maua yakabaki. Alikuwa ametumia ukurasa ule zaidi ya mara mia, na jicho lake lilikuwa limeacha kuviona vitu hivyo, jinsi mtu anavyoacha kuona zulia la mlangoni kwake.

Agnes alishika simu kwa mikono miwili. Alimtafuta Kavira, akampata safu ya tatu, akamtazama kwa muda.

"Na haya maua?" aliuliza.

"Ni urembo tu, Mama Kavira."

"Na mushumaa?"

"Wa maombi huo. Tangazo likiwa kavu hakuna mtu anafungua, wanapita tu. Niachie mimi, hii si ndiyo kazi yangu?"

Agnes alimtazama, akaitazama simu tena, kisha akaitikia kwa kichwa. Yeye hajawahi kutengeneza tangazo, na Hesbon ni fundi. Kwa hiyo asije mtu akasema Hesbon hakuambiwa. Aliambiwa, mara mbili, na mwenye mtoto.

Saa saba na dakika ishirini tangazo liliingia kwenye grupu. Wa kwanza kujibu alikuwa Mercyline, msusi wa Al Nahda, mtu asiyekosa msiba: "Woi! Wote? RIP malaika wetu." Nyuma yake Nick wa Al Qusais: "Wasee, hii dunia imeisha. Poleni sana familia." Kisha mikono iliyokunjwa, mishumaa, njiwa, Mungu awalaze pema, Mungu awalaze pema, Mungu awalaze pema.

Hesbon aliona. Aliandika, "Hawajafa jamani, wametekwa," na kabla hajapumua maneno yake yalishazikwa chini ya pole nyingine thelathini. Angeweza kulifuta tangazo dakika ile na kutengeneza jingine. Hakulifuta, kwa sababu aliona alama inayoonyesha kwamba linasambazwa mara nyingi, na hakuna kazi yake iliyowahi kusambazwa kiasi hicho, na moyo wake ulifurahi. Ndivyo ilivyokuwa. Alirudi kwenye nafasi yake akiwa amenyoosha mabega.

Jumatatu asubuhi ukurasa mmoja wa udaku wenye wafuasi wengi kuliko watu wa kaunti ya kwao Hesbon uliandika: WASICHANA 41 WAUAWA. Saa sita mchana Hesbon aliinua macho, akaliona tangazo lake limejaa kwenye televisheni ya mapokezi, waridi moja kubwa kuliko kichwa cha mtu. Chini waliandika kwamba kuna ripoti za mauaji. Safari hii habari haikuwa mstari wa kupita. Ilikaa dakika nzima, ikaja ya pili, na hata profesa akaletwa kuizungumzia. Wageni walisimama na masanduku yao. Huda wa mapokezi, binti asiyetazama televisheni hata siku moja, aliziba mdomo kwa mkono na kusema maskini, maskini. Siku nne nzima wasichana wale walikuwa hai na hakuna aliyewataka. Sasa walikuwa wamekufa, na wamepewa profesa.

Agnes alikuwa ghorofa ya saba. Hesbon hakumwita. Ilikuwa mara ya kwanza kutomwita, na mkono wake ulikuwa juu ya redio.

Hakuhitaji kuitwa. Simu ya nyumbani ilikuwa imeshampata. Kule Kasingiro majirani walimwendea mama yake wakiwa wamebeba viti. Waliwasha moto uani, wakatoa magodoro nje, wanawake wakakaa chini. Yule bibi aliuliza nani kaleta habari, wakamwonyesha simu. Wakamwambia, namba ni ya Dubai, basi ni Agnes mwenyewe ametuma, ona, na mtoto wako huyu hapa safu ya tatu. Bibi akaomba wembe, akanyolewa nywele.

Agnes alishuka jioni zamu ilipokwisha. Hakupiga kelele. Hesbon alitamani apige.

"Padri wetu Anselme anapanda mulima Jumatano kuonana na bale watu ba bunduki," alisema. "Balikubali kumusikiliza. Sasa wakubwa ba serikali banamuuliza, unaenda kuchukua nini, maiti? Andika, kaka. Andika kwenye simu yako bako bazima. Andika kama ni weye ulikosea maua, watu basikie."

"Naandika sasa hivi," alisema Hesbon. "Sasa hivi, Mama Kavira."

Alikwenda kwenye chumba cha makabati akakaa kwenye benchi na simu mkononi. Na hapo alimkumbuka sir Bassam, mkuu wa walinzi, ambaye kila mwanzo wa mwezi huwasomea karatasi ileile: atakayesambaza uvumi kwa simu, mahakamani, kisha kwenye ndege. "Khalas, no visa," husema sir Bassam, na kukunja karatasi. Kuandika kwamba wako hai ilikuwa ni kuandika kwamba ni yeye aliyewafanya wafu. Hesbon alifikiria mkewe Monicah na nyumba yao isiyopauliwa huko Nyamira. Akafuta tangazo kwenye grupu, akafuta ukurasa ule na herufi zake za dhahabu, akajiondoa kwenye uongozi wa grupu bila kuaga. Alijiambia kwamba chanzo kikikauka mto nao utakauka. Alijua ni uongo. Wakati huo tangazo lilikuwa kwenye simu za watu wasiohesabika, na kukauka hakukuwepo. Hakuandika neno.

Jumanne, saa tano asubuhi, simu yake ilitetemeka mfukoni. Alitoka hadi mlango wa vioo akapokea. Mwanamke alizungumza Kiingereza taratibu, akasema anaitwa Rawan, mtangazaji, hapahapa mjini.

"Nimepata nakala kamili ya picha ya wale wasichana wa Kongo," alisema. "Namba yako iko chini. Naomba unisaidie. Ni nani aliyekwambia wamekufa?"

Hesbon aligeuka akatazama ndani kupitia kioo.

"Naitazama hapa," Rawan aliendelea, "na sioni mahali ulipoandika wamekufa. Naona maua tu. Kama hukusema wamekufa, niambie, nitarekebisha leo mchana, kwenye taarifa ileile iliyokosea. Nahitaji mtu mmoja tu wa kusema. Wewe ni Hesbon?"

Ng'ambo ya kioo, sir Bassam alikuwa ameinamia meza ya mapokezi akitia sahihi. Kifuani kwa Hesbon, kwenye kibao cha shaba, lilikuwa limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu.

"Umekosea namba, madam," alisema. "Hakuna Hesbon hapa."

Alikata. Mara moja alijisikia vibaya, kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa. Angeweza kupiga tena saa ileile, namba ilikuwa pale. Alisimama mpaka zamu ikaisha, na hakupiga.

Jumatano aliomba kubadilishana nafasi na mwenzake, akalinda maegesho ya magari chini ya jengo, mahali ambapo Agnes hafiki. Alipanda ngazi badala ya lifti. Alikula amesimama. Ukimwona mtu mzima wa kimo chake anachungulia pembe za ukuta kabla ya kupita, ungecheka, na yeye mwenyewe aliona jinsi anavyochekesha, na aibu ikamwongezea aibu. Usiku ule aliota hajavaa viatu kazini, akashtuka. Kulipokucha aliamua.

Alimpigia Rawan saa tatu. Alisema yote kwa pumzi moja: mimi ndiye Hesbon, nilikudanganya, sikusema wamekufa, ni maua tu, ni ukurasa wetu wa misiba, mama wa msichana mmoja yuko hapa, na wasichana wako hai.

Rawan alisikika akiandika kitu. "Asante," alisema. "Picha tuliiondoa jana. Kuhusu kuisahihisha hewani, nimemuuliza mhariri. Anasema habari imeshapita. Akitokea msichana mmoja mbele ya kamera, nipigie, hata kama ni saa gani."

"Lakini wako hai, madam."

"Ndiyo. Na wiki iliyopita walikuwa hai, na hatukuwasema. Usidhani sijui." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Nitaweka mstari mmoja kwenye tovuti. Jumanne ningekuwa na dakika mbili."

Hesbon aliteremka moja kwa moja hadi kwenye chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinanguruma na joto lilikuwa kali. Agnes alikuwa peke yake mbele ya rundo la shuka za ghorofa ya saba. Hesbon alikuwa amepanga maneno yake njiani, lakini Agnes alitangulia.

"Padri alirudi jana," alisema.

"Wamesemaje?"

"Alimuona Kavira. Kwa mbali. Iko muzima." Alikung'uta shuka. "Bale watu bako na simu, kaka. Balimuonyesha padri ile tangazo. Balicheka sana. Banasema, munashabalilia nyinyi benyewe, munashamaliza matanga, sasa tubarudishe kwa nani? Padri aliapa banatafutwa. Banasema, na nani? Dunia muzima inasema balikufa." Aliirudisha shuka kwenye rundo, akachukua nyingine. "Balishabagawanya. Kila mukubwa na bake. Balihama ile saa, baliingia mu pori. Padri hajue njia gani."

Mashine moja ilimaliza mzunguko ikanyamaza. Hesbon aliona afadhali iendelee. Sasa hakuna aliyejua kuhusu ile simu ya Jumanne isipokuwa yeye na mwanamke ambaye Agnes hatamwona maishani. Angeweza kusema pole na kuondoka, na pole ingepokelewa. Alifungua mdomo.

"Mama Kavira. Kuna mtangazaji alinipigia. Alitaka kusahihisha, aseme wako hai. Alikuwa anahitaji mtu mmoja wa kusema. Nikamwambia amekosea namba."

Agnes hakugeuka.

"Siku gani?"

"Jumanne."

"Saa gani?"

"Saa tano asubuhi."

Agnes alitazama shuka iliyokuwa mikononi mwake. "Padri alianza kupanda Jumatano," alisema, "saa kumi na mbili asubuhi. Kwa miguu."

Hesbon alisema nisamehe. Alisema mara ya pili, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Aliogopa kwamba Agnes atampiga, na akatamani ampige, na alipoona hampigi akaanza kulia, akajiona ovyo kwa kulia mbele ya mtu ambaye hajalia.

Shuka za vitanda vikubwa hazikunjwi na mtu mmoja. Agnes alishika pembe mbili, akamnyooshea nyingine mbili bila kumtazama usoni. "Shika," alisema.

Akashika. Walivuta, wakakunja, wakasogeleana mpaka mikono yao ikakutana, wakarudi nyuma, wakachukua nyingine. Walimaliza rundo zima la ghorofa ya saba hivyo. Tangu siku ile Agnes hajamwambia Hesbon neno lingine, na kila akipita mapokezi na toroli yake hainui macho kuitazama televisheni.